Kwa mnaoanza udaktari wa mifugo: wajueni walimu wa kwanza

Wanafunzi wapya wengi huichukia anatomia, yaani elimu ya muundo wa mwili. Majina ni mengi, mizoga inanuka dawa, mtihani hauishi. Mimi huwaelekeza kwa Honoré Fragonard, mmoja wa walimu wa kwanza wa somo hilo.

Mwaka 1761, wakati sotoka, ugonjwa wa kuambukiza wa ng'ombe, ikimaliza mifugo ya Ulaya, Claude Bourgelat, mkuu wa chuo cha kupanda farasi mjini Lyon, Ufaransa, alipata kibali cha kufungua shule ya kwanza ya tiba ya mifugo. Masomo yalianza mwaka uliofuata. Fragonard, aliyesomea upasuaji wa binadamu, ndiye aliyewafundisha anatomia, kisha akahamia shule ya pili, Alfort, karibu na Paris. Alichuna mizoga, akajaza mishipa vitu vya rangi, akaikausha mizoga hiyo ikiwa imesimama. Baadhi ya kazi zake zipo Alfort hadi leo, na mishipa bado inafuatika kwa jicho! Kwa hiyo usimwachie mwenzako kisu ukabaki kuandika. Mchoro wa kitabuni hauna mnyama mwenye mshipa uliopinda upande usioutarajia.

Vaeni glovu. Charles Vial de Saint-Bel, profesa wa kwanza wa chuo cha tiba ya mifugo cha London kilichoanzishwa 1791, alifariki 1793, na inaaminika aliambukizwa ugonjwa wa farasi.

Bourgelat hakusubiri wanafunzi wahitimu. Shule ikiwa bado changa aliwapeleka vijijini kwenye milipuko ya magonjwa. Nanyi nendeni machinjioni na kwenye maboma mapema. Kabla hujamgusa ng'ombe, msikilize mfugaji: ameacha kula lini, amenunuliwa mnada gani, jirani amepoteza wangapi. Nusu ya jibu mara nyingi iko hapo.

Peter Christian Abildgaard alitumwa Lyon kutoka Denmark, akarudi na kuanzisha shule ya Copenhagen mwaka 1773. Huyu nampenda kwa udadisi wake: aliwalisha bata samaki wenye minyoo aina ya tegu, akaonyesha kwamba tegu huyo hukomaa ndani ya ndege. Jaribio la bei ndogo, swali zuri.

Sotoka yenyewe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Chanjo iliyobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo aliitengeneza Walter Plowright na wenzake Muguga, Kenya. Baadaye akawa profesa London. Madaktari na wasaidizi waliozunguka na chanjo hiyo porini wengine wangali hai, wamestaafu. Watafuteni katika wilaya zenu, mwende na daftari, muulize walivyoitunza baridi ya chanjo mahali pasipo na umeme.