Jibu: Rust inamfaa anayeanza peke yake?
Mkuu, umeuliza kama Rust, ule mchezo wa video wa mtandaoni wa kupambana kubaki hai, inamfaa anayeanza bila timu. Inafaa, ila jiandae kuumia. Unaamka ufukweni na jiwe na mwenge, basi. Ukitoka mchezoni mwili wako unabaki umelala palepale, anayepita anakumaliza.

Mimi niko Pasua, Moshi. Juzi umeme ulikatika nikiwa naweka mbao kwenye kabati la ngome yangu mchezoni, zile zinazoizuia isibomoke yenyewe. Niliporudi, mlango umelipuliwa, hadi mkaa wa kwenye tanuru wamebeba. Roho iliniuma kweli.

Lakini ule usiku wa kwanza, umejifungia na mlango wa chuma, unasikia hatua za mtu zikizunguka nje, zinasimama, zinaondoka... raha yake siyo ndogo! Ingia Alhamisi ya kwanza ya mwezi, ramani za mchezo zinapofutwa na yote yaliyojengwa, wote mnaanza kujenga upya.