Kazi Moja Inatosha

Nairobi ukisema umeajiriwa, swali linalofuata ni "na kando?" Nimeulizwa harusini, kwenye chama, hata ndani ya matatu ya Umoja. Mwenye mshahara peke yake huonekana amelala. Mimi nina kazi moja, uhasibu huku Industrial Area, na nimebaki nayo kwa hiari.

Zamani zilikuwa tatu. Mchana ofisi. Usiku niliandika maneno ya rekodi za sauti za wateja wa Marekani, kwa kuwa mchana wao ni usiku wetu. Jumamosi alfajiri nilikuwa soko la mitumba la Gikomba mabelo yakifunguliwa, nichague nguo za kamera, yaani zile bora kabisa, za kuuza kwa WhatsApp.

Kama nawe umo katika mbio hizo, anza na daftari. Usiandike bei ya kununua na ya kuuza pekee. Weka nauli, bodaboda wa kupeleka mizigo, bando, riba ya mkopo wa simu uliozibia pengo la katikati ya mwezi, chipsi ulizonunua kwa kukosa muda wa kupika, dawa za kichwa. Nilipojumlisha yote hayo, faida ya nguo haikutosha hata kulipia umeme wa nyumba. Nikauza zilizobaki kwa bei ya kutupa, nikafunga.

Kazi ya usiku ilikuwa na faida kweli, na ndiyo iliyonipa shida kuiacha. Hapo daftari halisaidii, inabidi uutazame mwili. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa utafiti: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa takriban asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Hesabu saa zako, na zile za usiku uzitie.

Sisemi haya kwa mama mboga anayewahi soko la Marikiti kabla jua halijachomoza. Asipokwenda, watoto wake hawali. Nasema nawe ambaye mshahara unalipa kodi ya nyumba na unga, ila unakimbia kwa sababu jirani anakimbia.

Likizo yako ichukue. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa angalau siku 21 za kazi kwa mwaka, ukilipwa, na siku moja ya mapumziko katika kila saba. Jumapili mimi huzima simu nikaenda kutembea Karura, msitu ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea mwaka 1999. Walioutetea walitaka tuutumie.

Lakini kabla hujaacha chochote, waambie watu wa nyumbani. Kipato kikipungua, michango hupungua: karo ya binamu, matanga, harambee. Usiwaache wagundue wenyewe. Nilimpigia shangazi, anayesimamia mambo ya ukoo wetu, nikamtajia kiasi nitakachotuma kila mwezi, kwa shilingi, na kwamba hakitazidi. Alinuna. Siku chache baadaye akapiga kuuliza kama kinaweza kufika kabla ya tarehe tano, karo isichelewe. Nikamwambia kinaweza, na tangu hapo hatujagombana kuhusu pesa.