Weka chini hiyo chupa ya makonyo

Yakhe, umeshaifungua chupa ya makonyo, yaani mafuta ya vikonyo vya karafuu? Kama bado, iache hivyo hivyo. Kama umeshaifungua, ifunge, kanawe mikono, kisha rudi usome.

Kwa wanaoingia sasa hivi: mwenye uzi, yule aliyeanzisha mjadala huu, yuko Wete, Pemba. Ameagiza upanga wa Kijapani uliofuliwa kwa mkono, feleji ya T10, makali yaliyotiwa maji kwa njia ya udongo, bapa lenye sentimita 72. Wikiendi anataka kukatia, siku nyengine ukae sebuleni uangaliwe na wageni. Ameuliza kama T10 inafaa au angechukua feleji ya 1060, akate nini kwa vitu vya huku kwetu, auweke vipi, na kama yuko fundi wa kuunoa mjini. Halafu mwisho kabisa, kama mtu anayetaja habari ya mvua, akaandika: "Mafuta nshapata, lita nzima ya makonyo kutoka Chake, kwa sababu muuzaji kaandika upanga hupakwa mafuta ya karafuu."

Chai yangu imepoa hapo.

Lishike hili hata kama mengine utayasahau: kwenye upanga karafuu ni tone, si kikombe.

Muuzaji wako hakusema uongo mtupu. Amesema nusu, na hiyo nusu ndiyo inayotia watu hasara. Wajapani wanayo mafuta ya panga yanayoitwa choji-abura, na choji ni karafuu kweli, hii hii tunayoianika juani. Lakini ndani ya kile kichupa karafuu ni mgeni tu. Mwenyeji zamani alikuwa mafuta ya mbegu za tsubaki (mti wa kamelia), na siku hizi mara nyingi ni mafuta meupe ya madini, mepesi, yasiyo na harufu. Karafuu hutiwa kidogo mno, kiasi cha kunukia. Sasa mtu akiona jina akaenda kununua karafuu tupu, ni kama aliyesikia kuna "chai ya mdalasini" akajaza birika magome bila maji wala majani.

Na sisi wa visiwa hivi ndio tunaoponzeka zaidi. Mtu wa Ulaya akitaka karafuu tupu atapata kichupa cha kidole gumba, kwa hivyo atapaka kwa ubahili na upanga utapona. Mpemba analetewa kwa lita! Tena anajisikia fahari: mafuta ya kwetu, upanga wa samurai. Fahari hiyo naijua. Usiniulize naijuaje, ala yangu mpaka leo inanukia pilau.

Yanayotokea ukipaka makonyo matupu ni haya, na hayaji siku moja.

Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, kitu cha jamii ya fenoli. Yujenoli na chuma hazikai kimya zikikutana. Huzaa rangi ya giza. Mafuta ya majani ya karafuu yaliyopikwa kwenye chombo cha chuma hutoka meusi kwa sababu hiyo hiyo. Basi kwenye bapa utaanza kuona vivuli vya kahawia na zambarau, kwanza karibu na kola ya shaba iliyoko shina la bapa, pale mafuta yanapojikusanya, kisha kwenye ule mstari wa mawingu ya makali, hamon, ambao ndio uliolipia upanga wa T10. Utasema ni kutu. Utachukua msasa. Msasa ukipita juu ya hamon, nguo imeshachanika. Kuirudisha ni kazi ya msugua panga mwenye mawe ya daraja kadhaa, siku nyingi za kazi, na bei yake inaweza kuuzidi upanga wenyewe.

Pili, makonyo yakikaa kwenye hewa huwa mazito na hunata. Mafuta ya upanga yanatakiwa yabaki utando mwembamba unaozuia maji. Huu utando wa kunata hufanya kinyume: unakamata vumbi, na vumbi la kwetu lina chumvi ya bahari, na chumvi inavuta unyevu. Masika ikiingia, Machi mpaka Mei, hewa imelowa mchana na usiku, kutu ya kweli inaanza chini ya utando ambako huioni.

Tatu, na hapa ndipo pesa ilipo. Yujenoli inalainisha laka na vanishi. Mdomo wa ala utaanza kunata, rangi itashika kwenye vidole. Ndani ya ala ni mti mtupu, laini, usiopakwa kitu, na mti ukishakunywa hauutemi. Ukiutoa upanga ukaufuta mpaka ukang'aa, ukiurudisha tu ndani umeupaka tena makonyo yale yale. Ala za Kijapani za asili hugundishwa kwa uji wa wali ili siku moja ziweze kupasuliwa, zisafishwe ndani na kufungwa upya. Hizi za kiwandani nyingi zimegundishwa kwa gundi ya kisasa. Ukizipasua zinapasuka pahala ambapo hukutaka. Maana yake ala mpya, iliyochongwa kufuata mpindo wa bapa lako. Ala ya upanga mwengine haikubali, itacheza au itabana.

Na kama upanga umeusimamisha kona ya chumba mpini chini, kama mwavuli, mafuta yanateremka yanapita kola, yanapita kikingio, yanaingia kwenye mpini. Mpini ni vipande viwili vya mti, juu yake ngozi ya taa (samaki, si ya kuwasha), juu ya ngozi ugwe uliosokotwa. Vyote vinanyonya. Ugwe unageuka rangi, mti unakuwa mtelezi, na mkia wa bapa, ile sehemu ya chuma iliyomo ndani ya mpini, uliokuwa umebana sawasawa unaanza kucheza. Kinachouzuia usichomoke ni mekugi, kijiti cha mwanzi kilichopita kwenye tundu la mkia. Kijiti! Upanga wa kilo moja na zaidi ukiuzungusha kwa nguvu huku mpini unacheza, huo si mchezo tena, huo ni mkuki usio na anwani.

Mtu aliyeandika "clove oil" kwenye karatasi ya maelekezo, maneno mawili tu, bila kusema kiasi, bila kusema imechanganywa na nini, nadhani hajawahi kushika upanga alioununua kwa pesa yake. Ukimwandikia anakujibu kwa picha ya ua na "asante kwa kutuchagua". Na wale wa video wanaopaka kwa brashi mpaka mafuta yanatiririka, wanapaka ili yaonekane kwenye kamera. Upanga haupakwi ili uonekane umepakwa.

Unachotaka kipo mtaa wako. Mafuta ya cherehani, yale meupe kama maji yasiyonuka. Au parafini ya maji ya duka la dawa, ile wanayopewa waliofunga choo. Si mafuta ya taa! Usiende dukani ukasema "parafini" tu, utapewa ya jiko. Mafuta ya nazi pia hapana, najua bibi anapakia kila kitu: yanaganda kukiwa na baridi kidogo, yanachacha, na yananata kama makonyo. Ukitaka ile harufu ya Kijapani, kwenye mililita 100 za parafini tia matone mawili au matatu ya makonyo, tikisa, basi. Kwa lita uliyonayo unaweza kuwahudumia masamurai wote wa Japani na chenji ikabaki.

Kupaka: kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi, kikavu. Upanga huja kutoka kiwandani na grisi nzito, kwa hivyo kwanza tia spiriti kali kwenye kitambaa, ile ya asilimia 90 na kitu, ukunje juu ya mgongo wa bapa, vidole viwe upande wa mgongo, makali yatazame nje. Vuta kutoka kwenye kola kwenda ncha. Usirudi nyuma hata mara moja. Kurudi ndiko kunakokata vidole na ndiko kunakokwaruza. Spiriti isiguse ala wala mpini. Kisha kitambaa chengine, matone manne au matano ya mafuta kwa bapa zima, vuta vile vile. Tazama kwenye mwanga: uone kama pumzi juu ya kioo. Ukiona tone, umezidisha, futa. Usiguse bapa kwa kidole, jasho la huku linaacha alama ya kutu kwa usiku mmoja.

Kwenye nchi za baridi kavu upanga unaweza kukaa miezi. Huku kila wiki tatu, na masika kila wiki mbili. Ukae mlalo, makali juu, mbali na dirisha la baharini. Na kila baada ya miezi michache gonga mekugi itoke, kuanzia upande wake mwembamba, kwa nyundo ndogo ya mti au shaba, vua mpini, tazama mkia. Mti ukiwa umelowa, ujue.

Kukata: jamvi kuukuu, likung'utwe mchanga (mchanga ni msasa), likunjwe lifungwe, lilowe kutwa na usiku, lisimamishwe lichuruzike maji. Mgomba pia unakatika vizuri, lakini utomvu wake una tanini, na tanini na chuma ni wino, ndugu yake yule yule wa makonyo. Ukimaliza usikae kupiga picha; futa kwa maji, kausha, spiriti, mafuta, hapo hapo uwanjani. Nazi na mwanzi mkavu usiguse, makali magumu ya T10 yanameguka vipande. Hiyo 1060 inavumilia zaidi ukikosea pigo, lakini zote mbili zinashika kutu sawasawa, kwa hivyo bado tuko kwenye mafuta.

Kama ulishapaka kabla ya kuuliza, vua mpini leo leo, futa bapa kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe na kisichonuka, lipake mafuta ya cherehani, ulifunge kwenye kitambaa cha pamba, na upanga usirudi kwenye ala ile. Tia pua yako kwenye mdomo wa ala kila wiki. Ikiwa bado unasikia karafuu, bado imo.

Na lita yako gawa. Mtaa mzima wa Wete hautaumwa na jino mpaka mwakani.