Maswali yenu: Eti Waviking walimtangulia Columbus?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Shule tulikaririshwa Columbus ndo Mzungu wa kwanza kufika Amerika, 1492. Shemeji yangu kanibishia mpaka basi, anasema Waviking, wale mabaharia wa kale wa Ulaya Kaskazini, walifika zamani kabla yake. Kuna ushahidi au ni hadithi tu? Na kama walifika mbona hawakubaki?

JIBU: Hapo mpe shemeji haki yake, ushahidi upo tena wa kushikika. Ncha ya kaskazini ya Newfoundland, Kanada, kuna sehemu inaitwa L'Anse aux Meadows. Mwaka 1960 mpelelezi Helge Ingstad wa Norwei alifika pale akiulizia magofu ya zamani, mwenyeji akamwonyesha vituta vimefunikwa na nyasi, halafu mkewe Anne Stine, ambaye ndo alikuwa mwanaakiolojia, akaongoza uchimbaji. Zikatoka nyumba 8 za udongo na nyasi kama zile za Waviking wa kisiwa cha Iceland, sehemu ya mhunzi, misumari ya chuma, pini ya kufungia joho, na kijiwe kilichotobolewa katikati cha kusokotea uzi. Hicho kijiwe mi nakipenda kuliko vyote maana kusokota ilikuwa kazi ya wanawake, kwa hiyo hawakuwa mabaharia wanaume peke yao.

Tarehe nayo imepatikana. Mwaka 993 kulitokea dhoruba kubwa ya jua, yaani mlipuko wa mionzi kutoka kwenye jua, ikaacha alama kwenye miti dunia nzima, wanasayansi wakaitafuta ile alama kwenye vipande vya mbao vya pale vilivyokatwa kwa chuma, wakahesabu pete za mti (kila mwaka mti unaongeza moja) kuanzia kwenye alama mpaka kwenye gome, ikaja 1021. Matokeo yalitoka 2021.

Kufika huko hawakuruka mara moja. Walianza Iceland karne ya 9, kisha Erik Mwekundu alipofukuzwa Iceland kwa sababu ya mauaji akaenda kuipeleleza Greenland, akarudi kuchukua watu. Masimulizi yao yanasema zilitoka meli 25 zikafika 14 tu, yaani bahari ile si ya mchezo! Mwanae Leif ndo anatajwa kuongoza safari ya kwenda ng'ambo zaidi, nchi waliyoiita Vinland.

Sasa mbona hawakubaki. Kwanza kule kulikuwa na wenyewe, na masimulizi yanasema walianza kwa biashara wakaishia kupigana. Pili Waviking wa Greenland wote hawakuzidi elfu chache, utatoa wapi watu wa kujaza nchi mpya? Kikubwa walichokitaka ni mbao, maana Greenland haina miti ya kujengea meli, na mbao unakata unapakia unarudi kwenu, huhitaji kuhamia.

Ila shemeji asivimbe sana, kwa sababu hao wenyeji waliokutwa pale mababu zao walikuwa wameshakaa Amerika zaidi ya miaka 10,000.