Wasomaji Wauliza: Mashine ya Kadi Inayohesabu Saa za Kazi

Barua kuhusu mashine za mahudhurio, zile ambazo mfanyakazi huzisogezea kadi yake ya utambulisho anapoingia na anapotoka kazini, zimekuwa nyingi kiasi kwamba nimeona heri kuzitengea ukurasa mzima. Nimezifupisha, na zilizouliza jambo moja nimeziunganisha.

Swali: Tumenunua kisoma kadi kwa ajili ya karakana yetu yenye wafanyakazi arobaini. Fundi amekifunga kwenye fremu ya chuma kando ya mlango. Kadi zilizokuwa zikisomeka vizuri zilipojaribiwa mezani sasa zinasomeka mara moja kati ya tatu, na kila asubuhi watu wanapanga foleni. Je, tumeuziwa mashine mbovu? — Msimamizi wa karakana

Jibu: Ndugu msimamizi, kwa maelezo uliyotoa, naamini mashine yako ni nzima na kikwazo ni hicho chuma. Kadi ya aina hii haina betri. Ndani yake mna chipu ndogo na waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Kisoma kadi hutoa uga wa sumaku unaobadilika kwa kasi, uga huo huzalisha umeme kidogo katika waya wa kadi, na kwa umeme huo chipu huamka na kuitaja namba yake. Kadi nyingi za zamani hufanya kazi kwa masafa ya kilohezi 125, na nyingi za kisasa kwa megahezi 13.56. Chuma kikiwa nyuma ya antena, yaani waya wa kisoma unaotoa uga huo, huunyong'onyeza uga na kuiondoa antena kwenye masafa iliyopangiwa, hivyo umbali wa kusoma, ambao tangu mwanzo ni sentimita chache tu, hupungua hadi kadi isomeke kwa kubahatisha.

Kihamishieni kisoma hicho kwenye ukuta wa tofali au ubao. Ikiwa hapana budi kikae kwenye chuma, wekeni kibao cha plastiki au cha mbao chenye unene wa sentimita mbili au tatu kati ya viwili hivyo, au tandiko la feraiti, yaani kitu chenye sumaku kinachoukinga uga usimezwe na chuma, linalotengenezwa kwa kazi hiyo hasa. Kabla ya kutoboa tundu jingine lolote, kiwasheni, mkishikilie mahali mnapokusudia kukifunga, kisha mpitishe kadi kumi tofauti, kila moja mara kadhaa. Jaribio hilo la dakika tano lingewaepusha na usumbufu mlio nao sasa, na ninasikitika kwamba mafundi wengi hulipuuza. Angalieni pia kama upande wa pili wa ukuta huohuo kuna kisoma kingine, kwa maana visoma viwili vikikaribiana sana huingiliana.

Kuhusu urefu kutoka sakafuni, sentimita 110 hadi 120 zinamfaa mtu aliyesimama na vilevile aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu. Msikifunge kwenye kizingiti chenyewe, bali hatua mbili tatu kando, ili anayesubiri kusomewa kadi asimzibie njia anayepita.

Nyaya nazo zina masharti yake. Kisoma kinachotuma namba kwa mfumo wa Wiegand, ambao aghalabu hutambulika kwa waya wa kijani na mweupe, hakipaswi kuwa mbali na kidhibiti chake, yaani kisanduku kinachopokea namba hizo, kwa zaidi ya mita 150 hivi. Kebo ya mtandao ya kawaida ina kikomo cha mita 100. Na mfumo wa RS-485, njia nyingine ya kutuma data kwa waya, unaweza kufika mita 1,200. Nyaya hizo zisilazwe bega kwa bega na nyaya za umeme mkubwa. Aidha, ikiwa kisoma na kidhibiti vinapata umeme kutoka adapta mbili tofauti, waya hasi wa kisoma ni lazima uunganishwe na waya hasi wa kidhibiti, la sivyo namba zitafika zikiwa zimeharibika au hazitafika kabisa.

Swali: Nyuma ya kadi zetu pameandikwa 0004859915, kisha pembeni 074,10251. Niliiingiza namba ya kwanza kwenye programu, lakini kadi ikipitishwa, mashine inasema haimjui mwenye kadi. Wakati mwingine programu inaonyesha 10251 peke yake. Namba ipi ni ya kweli? — Karani wa utumishi

Jibu: Zote mbili ni za kweli, Ndugu karani, kwa sababu ni namba ileile iliyoandikwa kwa njia mbili. Chukua 74, uizidishe kwa 65,536, kisha ujumlishe 10,251, utapata 4,859,915. Sehemu ya kwanza, yaani 74, ni namba ya kundi la kadi, na sehemu ya pili ni namba ya kadi ndani ya kundi hilo. Mfumo wa Wiegand wa biti 26 (biti ni tarakimu ya 0 au 1), ambao ndio ulioenea zaidi, hutenga biti 8 kwa ajili ya kundi, yaani 0 hadi 255, na biti 16 kwa ajili ya kadi, yaani 0 hadi 65,535. Biti mbili zinazobaki ni za kuhakiki kama ujumbe umefika salama.

Kinachonitia wasiwasi ni pale programu yako inapoonyesha 10251 peke yake, kwani maana yake ni kwamba imeitupa namba ya kundi. Leo haitaleta shida. Mtakaponunua bunda la pili la kadi, huenda ikaja kadi ya kundi jingine yenye 10251 ileile, na saa za mtu mmoja zikaanza kuandikwa kwa jina la mwingine bila mashine kulalamika hata kidogo. Nenda kwenye mipangilio na uchague mfumo unaosoma namba nzima kabla hujasajili mtu yeyote.

Halafu, usiandike namba kwa mkono. Karibu kila programu ya mahudhurio ina njia ya kusajili kwa kupitisha kadi: unafungua ukurasa wa mfanyakazi, unasogeza kadi kwenye kisoma, na namba inaingia yenyewe kama mashine inavyoiona. Iwapo unalazimika kupakia orodha kutoka jedwali la kompyuta, ipe safu ya namba umbo la maandishi, kwa sababu jedwali hufuta sufuri za mwanzo na programu nyingine zitaona kwamba hiyo ni namba tofauti.

Swali: Umeme ukikatika, rekodi zetu zinapotea? — Mwenye kiwanda kidogo

Jibu: Zilizokwisha kuandikwa hazipotei, kwa kuwa mashine nyingi huzihifadhi katika kumbukumbu isiyohitaji umeme, na saa ya ndani huendeshwa na betri ndogo ya kitufe. Zinazokosekana ni zile za muda ambao mashine ilikuwa imezimika. Betri ya akiba ya volti 12 inatosha kukiendesha kisoma na kidhibiti kwa saa kadhaa, inunue. Mtandao pekee ukikatika, mashine iliyo nzuri huendelea kurekodi na kutuma baadaye, lakini jaribu mwenyewe kwa kuchomoa kebo na kupitisha kadi, usitegemee maneno ya muuzaji.

Swali: Mimi hufika saa 1:53 asubuhi na kutoka saa 11:07 jioni, lakini karatasi ya mshahara huonyesha kwamba nilifika saa 2:00 na kutoka saa 11:00. Nikiuliza, naambiwa mashine ndivyo ilivyo. Je, ni kweli? — Mfanyakazi

Jibu: Ndugu yangu, mashine haiko hivyo mpaka mtu aiagize. Mashine iliandika 07:53 na 17:07. Programu ndiyo iliyopangiwa kukadiria hadi robo saa iliyo karibu. Kwa siku moja, tofauti ni dakika 14. Kwa siku 22 za kazi, ni dakika 308, yaani saa 5 na dakika 8.

Wanaoutetea ukadiriaji husema kwamba anayefika 08:07 naye huandikiwa 08:00, hivyo faida na hasara hukutana. Hoja hiyo ingesimama kama watu wangefika huku na huku ya saa ya kuanza kwa kiasi kilekile. Hawafanyi hivyo. Mahali ambapo kuchelewa huadhibiwa na kuwahi hakuulizwi, watu wengi hufika mapema na kutoka baada ya muda, na ukadiriaji huwala upande mmoja tu. Desturi hii ilizaliwa enzi ambazo karani alijumlisha saa kwa kalamu, na robo saa zilimpunguzia kazi. Mashine ya Willard Bundy wa Auburn, New York, aliyepewa hataza mwaka 1890, ilipiga chapa ya saa kwenye karatasi kwa ufunguo wa kila mfanyakazi, na hesabu yote iliyobaki ilikuwa ya mkono. Kompyuta haichoki kujumlisha dakika moja moja. Sioni sababu ya kuendelea kukadiria, na nawaomba waajiri wanaosoma ukurasa huu wauondoe mpangilio huo.

Hata hivyo, kwa haki, ni lazima niseme upande wa pili. Kuwapo mahali pa kazi si sawa na kuwa kazini. Ikiwa kuanzia 07:53 hadi 08:00 ulikuwa umeketi ukizungumza na wenzako, mwajiri ana hoja. Ikiwa ulikuwa unavaa mavazi ya kazi aliyoyaamuru au kuwasha mitambo, hoja ni yako. Jambo hilo liamuliwe kwa maandishi na kila mtu alijue, badala ya kufichwa ndani ya mpangilio wa programu ambao ni mtu mmoja tu ofisini anayejua kuufungua.

Kagua pia hesabu ya desimali. Saa 7 na dakika 45 ni 7.75, si 7.45. Nimewahi kuona karatasi ambayo mhasibu aliziingiza saa kama zilivyo kisha akazidisha kwa kiwango cha malipo, na kila mfanyakazi wa zamu hiyo akapoteza dakika 18 kwa siku. Na kwa wale wa zamu ya usiku, wanaoingia 22:00 na kutoka 06:00, hakikisheni kwamba programu imepangiwa kuifunga siku yao adhuhuri badala ya usiku wa manane, ama sivyo itaona mtu aliyeingia bila kutoka, na kesho yake mtu aliyetoka bila kuingia.

Tukiwa bado kwenye saa: fuwele ndogo inayoendesha saa ya ndani kwa mitetemo yake, ikikosea sehemu 20 tu katika milioni, hupotoka kwa karibu sekunde 1.7 kwa siku, yaani kama sekunde 52 kwa mwezi. Baada ya mwaka ni zaidi ya dakika kumi. Kwa hiyo mashine iunganishwe na seva ya saa kwa itifaki ya NTP, yaani utaratibu wa kuuliza saa sahihi kupitia mtandao, nayo itajirekebisha yenyewe.

Swali: Wafanyakazi wawili wamekuwa wakipitishiana kadi. Mwenzangu anashauri tununue mashine ya alama za vidole. Wewe unasemaje? — Meneja wa zamu

Jibu: Ndugu meneja, kadi haimjui anayeishika, na hilo ndilo pungufu lake la asili. Kuna wanaohofia zaidi kadi za kunakiliwa, na kweli kadi ya kilohezi 125 humtajia namba yake yeyote anayeiuliza, na mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud nchini Uholanzi walionyesha jinsi ulinzi wa kadi za Mifare Classic, aina mojawapo ya kadi za megahezi 13.56, unavyovunjwa. Kwa mlango wa ghala la fedha, hilo ni jambo zito. Kwa mahudhurio, hakuna anayehangaika kunakili; rafiki huachiwa kadi tu.

Kabla ya alama za vidole, kihamishe kisoma mahali ambapo msimamizi anakiona, kifungie kamera ndogo inayopiga picha kila kadi inaposomwa, na uizuie programu isikubali kadi ileile mara mbili ndani ya dakika moja au mbili, jambo ambalo pia litaondoa rekodi rudufu za wenye wasiwasi wanaopitisha mara tatu. Alama ya kidole ina gharama ambayo haionekani kwenye risiti: kadi ikiibwa hufutwa na kutolewa nyingine, lakini kidole hakibadilishwi, hivyo data zake zinataka ulinzi ambao karakana nyingi hazina. Isitoshe, mikono iliyokwaruzwa na saruji au kuchubuliwa na sabuni kali mara nyingi haisomeki, na wanaoumizwa na hilo ni wale wanaofanya kazi ngumu zaidi.

Swali: Mtu akisahau kadi nyumbani, au akisahau kuipitisha anapotoka, tufanyeje? — Karani wa mishahara

Jibu: Muwe na kadi chache za akiba, kila moja ikiandikwa kwenye daftari ni nani aliyeichukua na siku gani, na irudishwe jioni. Kwa aliyesahau kuipitisha, ajaze fomu ya marekebisho siku hiyohiyo au inayofuata, aitie sahihi yeye na msimamizi wake, nawe uiongeze saa hiyo kama rekodi mpya iliyowekwa alama kwamba imeingizwa kwa mkono. Usifute wala kubadilisha rekodi ya mashine hata kama ina kosa lililo wazi. Iache ilale pale, na marekebisho yakae kando yake yakiwa na jina lako, tarehe na sababu. Zipe akaunti za programu majina ya watu, wala msitumie neno la siri moja ofisi nzima, ili ijulikane nani alibadilisha nini. Na kabla mishahara haijakokotolewa, mpe kila mfanyakazi karatasi ya saa zake za mwezi, azipitie kwa siku mbili akiwa bado anakumbuka.