Jibu: Madoa ya uso baada ya kujifungua, nifanyeje?

Waalaykum salaam shoga, hongera kwa mtoto kwanza. Umesema una miezi minne tangu ujifungue, mashavu na paji limeshika weusi na jirani kakwambia upake ndimu. Ndimu wacha kabisa! Ukipaka ukatoka juani waungua, madoa yazidi. Mimi nilijaribu kwa mtoto wa pili, nikakaa wiki nzima nimejifunika ninja ndani ya nyumba.

Hayo yaletwa na homoni za mimba, na jua ndilo linaloyachochea, na hapa Lamu jua wajua lenyewe, ukivuka na boti kwenda Mokowe lakupiga la juu na la majini. Kwa wengi hufifia yenyewe baada ya miezi kadhaa, lakini usipojikinga krimu zote kazi bure. Tafuta sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, yenye SPF (kipimo cha kinga) 30 kwenda juu, ile yenye rangi ya ngozi ndo nzuri zaidi, upake kila asubuhi na urudie ukiwa nje, hata ukivaa buibui maana uso uko wazi.

Kama wanyonyesha, muulize daktari au mfamasia kuhusu asidi ya azelaiki, dawa ya kupaka ya kufifisha madoa, hiyo kwa kawaida haina shida. Haidrokwinoni na tretinoini, nazo dawa za kupaka za madoa, ngoja umalize kunyonyesha, tena kwa daktari wa ngozi. Zile krimu za kung'arisha zisizo na lebo usiguse, zingine zina zebaki, yaharibu figo na mtoto pia yampata.

Halafu, watumia vidonge au sindano ya kupanga uzazi? Hizo nazo zaweza kuyafanya yasiishe.

Liwa, ule msandali wa kusaga, paka tu kwa raha zako, haitoi madoa lakini wanukia 😄