Re: chown kwenye faili milioni 300, niendesheje haraka?

Mkuu, acha. Hiyo skripti usiiguse kwanza.

Umesema mmehamia seva mpya, UID (namba za watumiaji) zote zimesogea kwa moja, na unataka kuzungusha chown (amri ya kubadilisha mmiliki wa faili): 1004 iwe 1005, 1005 iwe 1006, hivyo hivyo hadi mwisho. Halafu unauliza chown ngapi ziende sambamba! Fuatilia mwenyewe. Raundi ya kwanza, faili za 1004 zinakuwa za 1005. Raundi ya pili inazoa kila chenye 1005, na zile za raundi ya kwanza zimo humo humo. Ikifika mwisho, mali yote ni ya mtu mmoja. Mimi niliwahi kufanya hivyo hivyo, nikaishia kuikodolea macho `ls -ln` (orodha ya faili na namba za wamiliki) yenye 1007 kuanzia juu hadi chini, mishahara na picha za matangazo mmiliki mmoja, na kwenye skrini hakuna kosa hata moja lililotokea. Kabla hamjacheka: skripti ilikuwa na kasi ya ajabu.

Inode (rekodi ya faili kwenye diski) inabeba namba moja ya mmiliki, ya zamani haiitunzi popote. Ukishazichanganya, hakuna amri ya kuzitenganisha. Tulirudisha umiliki kwa kutazama bakapu, na faili zilizoingia baada ya bakapu tukawa tunakisia mwenyewe kwa jina la folda. Juu ya hapo chown inabadilisha ctime (saa ya mwisho taarifa za faili zilipobadilika), kwa hiyo programu yetu ya bakapu usiku ule iliona kila faili imebadilika, ikaanza kusoma hifadhi nzima upya. Na yule "mtaalamu" wa waliotuuzia hifadhi, aliyetuambia chown haigusi data kwa hiyo tuendeshe tu bila wasiwasi? Simu ikawa haipokelewi. Ankara yake ilifika kwa wakati, lakini.

Najua kuna atakayesema anza na namba kubwa ushuke. Sawa, kwa kusogeza kwa moja inafanya kazi. Lakini siku mtumiaji 1004 na 1005 wakibadilishana namba, mpangilio wowote utakukwamisha.

Kwa hiyo orodha ya wamiliki wa sasa kwanza:

`find /data -xdev -printf '%U:%G %p\0' | gzip > /diski-nyingine/umiliki.gz`

Njia (anwani ya faili) ikiwa na wastani wa herufi 100, faili milioni 300 ni kama GB 30 kabla ya kubanwa. Si kitu. Kisha skripti isome orodha, iamue mmiliki mpya kwa UID iliyoandikwa kwenye orodha, siyo iliyoko diskini sasa hivi. Kila faili inaguswa mara moja tu, na ukikatikia njiani unaweza kurudia bila kuchanganya kitu. Hapo ndipo sambamba ina maana. Usisahau `-h` kwenye chown, la sivyo itafuata viungo (symlink) na kubadilisha faili vinakoelekeza, hata nje ya /data. Programu zenye setuid (biti inayofanya programu iendeshwe kwa haki za mmiliki wake) ziandike pembeni pia, maana chown inaifuta hiyo biti.

Ulikuwa umeuliza na NFS (faili za seva kupitia mtandao), eh? Fanya kwenye seva yenyewe, kila faili kupitia mtandao ni safari ya kwenda na kurudi. Lile la kuonyesha asilimia ya kazi iliyokwisha mwingine atakujibu.

Bandika hapa jedwali lako la UID, za zamani na mpya, tulipitie kabla hujabonyeza Enter.